Gololi Ndani ya Karai: Rai Juu ya Kufundisha Nishati katika Shule za Msingi

Miongoni mwa mada za Sayansi ambazo mwalimu wa shule ya msingi hukabidhiwa azifundishe, nishati ndiyo inayopitiwa kwa haraka zaidi na kueleweka kwa uchache zaidi. Aghalabu somo huanza kwa fasili iliyoandikwa ubaoni, "Nishati ni uwezo wa kufanya kazi", ikifuatiwa na orodha ya aina zake: nishati ya joto, ya mwanga, ya sauti, ya umeme, nishati tuli na nishati mwendo. Watoto hunakili, hukariri, huulizwa katika mtihani, nao hujibu. Kipindi kimekwisha, lakini ni nadra kumpata mtoto awezaye kulitumia neno hilo kutabiri jambo lolote litakalotokea mbele ya macho yake.

Rai yangu kwa walimu walio mafunzoni ni hii: nishati ifundishwe kwa kuanzia na mpaka, si kwa kuanzia na fasili. Maana yake ni kwamba mtoto kwanza aone kitu kinachokwenda na kurudi ndani ya shimo, kama gololi ndani ya karai, kisha aulizwe swali moja tu: itafika wapi? Swali hilo ni dogo, na mtoto wa darasa la tano anaweza kulijibu kwa kidole. Hata hivyo, ndani yake imo kanuni kubwa kabisa ya fizikia, ile inayoeleza kwa nini mwezi hauiachi dunia, kwa nini maji ya ziwa hukauka na chumvi ikabaki, na kwa nini gari lililokatika breki mlimani halina huruma. Nia ya makala hii ni kueleza sababu za rai hiyo, kuonyesha jinsi somo linavyoweza kuendeshwa kwa vifaa vya Mkoa wa Singida, na kuzijibu hoja za wale watakaoona kwamba jambo hili si la shule ya msingi.

MANENO YANAYOTUTATIZA

Hapana budi tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ndiyo chombo cha kwanza cha mwalimu. Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha kwa mada hii, lakini maneno yenyewe yana maisha yake nje ya darasa, na mtoto huingia darasani akiwa na maana za nyumbani. Neno "kazi" kwake ni kulima, kuchota maji, kuchunga ng'ombe au kwenda ofisini. Akiambiwa kuwa nishati ni uwezo wa kufanya kazi, hufikiri juu ya mtu mwenye afya njema. Neno "nguvu" hulitumia kwa yote: nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu za dawa. Basi "kani", "nguvu" na "nishati" humwingia kama majina matatu ya kitu kimoja.

Lakini neno lenye hatari zaidi ni "tuli". Tumezoea kusema kwamba kitu kilichotulia juu kina nishati tuli, na kikianza kuanguka kinakuwa na nishati mwendo. Usemi huo haukukosea, lakini haukukamilika, na mtoto huukamilisha mwenyewe kwa njia isiyo sahihi. Hudhani kwamba nishati tuli ni mali ya vitu vilivyosimama, na kwamba kitu kikishaondoka tu, nishati tuli yote imegeuka mara moja kuwa mwendo. Kumbe gololi iliyo katikati ya mteremko inazo zote mbili kwa wakati mmoja. Bado iko juu kuliko sakafu ya karai, kwa hiyo ina nishati tuli. Nayo inakwenda, kwa hiyo ina nishati mwendo. Nishati tuli hutokana na mahali kitu kilipo, si kwa kuwa kitu kimetulia. Mwalimu akilishika jambo hili tangu mwanzo, atakuwa amemwokoa mtoto na taabu ya miaka mingi. Akiliacha, fasili iliyonakiliwa vizuri itaendelea kulificha.

Ndiyo sababu nashauri fasili zingoje. Mtoto aione kwanza gololi, aizoee, aitabiri; kisha majina yaje kukifuata kitu anachokijua.

SOMO LENYEWE

Vifaa ni vichache. Karai la kubebea zege linafaa sana, kwa kuwa tumbo lake limepinda taratibu. Bakuli kubwa la bati lenye ubavu wa mviringo linafaa pia. Sufuria haifai kwa somo la kwanza, kwa sababu kitako chake ni bapa na ubavu wake umesimama. Gololi za kioo huuzwa madukani kwa bei ndogo, na gololi za chuma zilizochakaa hupatikana kwa mafundi baiskeli ambao mara nyingi huzitupa. Chaki inatosha kuwa kalamu.

Mwalimu akae na kikundi kidogo kuzunguka karai lililotulizwa chini kwa mchanga lisiyumbe. Atie alama ya chaki ubavuni, vidole vitatu au vinne juu ya kitako. Ashike gololi penye alama, na kabla hajaiachia aulize: "Nikiiachia bila kuisukuma, itapanda mpaka wapi upande wa pili?" Kila mtoto aweke alama yake ya chaki. Hapa mwalimu asiharakishe. Wako watakaoweka alama juu zaidi kwa kuwa "imepata kasi", wako watakaoweka chini, na wako watakaosema itatoka nje. Alama zote zibaki. Baada ya hapo tu ndipo gololi iachiwe.

Watoto wataona kwamba gololi hupanda karibu na kimo kilekile ilikoanzia, ikakosa kidogo, ikarudi. Mwalimu arudie kutoka alama ya chini zaidi, kisha kutoka alama ya juu zaidi. Kila mara jibu ni lilelile: kimo cha kuondokea ndicho kinachoweka mpaka wa kufikia. Gololi haivuki mpaka huo kwa kupenda kwake. Ili ivuke, lazima isukumwe, yaani ipewe nishati nyingine kutoka mkononi. Watoto waisukume kidogo, kisha zaidi, mpaka iruke ukingo na kutoka. Sasa wameona kwa macho yao hali mbili ambazo wanafizikia huzitenganisha kwa makini: kitu kilichofungwa ndani ya shimo, na kitu kilicholitoroka.

Jaribio la pili huondoa shaka iliyobaki kwamba umbo la karai ndilo linalofanya mambo hayo. Jiwe dogo lifungwe kwenye uzi wa mita moja na kuning'inizwa mbele ya ubao. Mstari wa chaki uliolala uchorwe kwenye kimo cha kuachia. Jiwe likiachiwa, litapanda upande wa pili hadi karibu na mstari. Kisha msumari upigiliwe chini ya kile kilichoshikilia uzi, lakini juu ya mstari wa chaki, ili uzi ukwame njiani na jiwe lipande kwa duara dogo zaidi. Watoto waulizwe tena: litafika wapi? Wengi watasema litapungukiwa, kwa kuwa njia yake imekatwa. Lakini jiwe litapanda karibu na mstari uleule. Jaribio hili lilielezwa na Galileo Galilei wa Italia katika kitabu chake cha mwaka 1638, na tangu hapo halijapata kuhitaji kifaa kingine zaidi ya uzi, uzito na msumari. Njia imebadilika, kimo hakikubadilika. Mtoto aliyeliona hilo ameanza kuelewa kwamba kuna kitu kinachohesabiwa na kutunzwa, na kwamba kitu hicho hakijali njia iliyopitwa.

MSTARI MMOJA UBAONI

Baada ya kuona, tuchore. Mwalimu achore ubaoni umbo la karai kana kwamba limekatwa katikati, likawa kama bonde. Achore mstari uliolala kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kwenye kimo cha kuachia gololi. Mstari huo tuuite mstari wa jumla, kwa maana unawakilisha jumla ya nishati ya gololi. Pale mstari unapokutana na ubavu wa bonde ndipo zilipo nukta mbili za kugeukia. Kila mahali katikati, umbali kutoka sakafu ya bonde kwenda juu mpaka mstari unaonyesha nishati mwendo iliyopo mahali hapo. Kwenye kitako umbali huo ni mkubwa kabisa, kwa hiyo hapo ndipo kasi ilipo kubwa. Kwenye nukta za kugeukia umbali ni sifuri, kwa hiyo hapo gololi husimama kwa kitambo kidogo mno, kisha ikarudi.

Mtoto akiulizwa kwa nini gololi imesimama pale juu, aghalabu husema, "Imechoka." Jibu hilo lisichekwe. Mwalimu aulize tu: "Kama imechoka, mbona inarudi na kasi ileile?" Swali hilo linatosha kumfanya mtoto mwenyewe atafute jibu bora, nalo ni kwamba mwendo umegeuzwa wote kuwa kimo, na kimo kitaugeuza tena kuwa mwendo. Ni kama akiba iliyowekwa, ambayo haijatumika.

Mchoro huu mwepesi ndio uleule unaotumiwa katika vyuo vikuu. Tofauti ni kwamba huko bonde si lazima liwe la udongo au la bati. Laweza kuwa mchoro wa mvutano kati ya dunia na mwezi, au kati ya atomi mbili ndani ya molekuli. Mwezi umo ndani ya shimo la uvutano wa dunia, nao hauna nishati ya kutosha kutoka humo. Chombo kinachorushwa kutoka uso wa dunia huhitaji mwendo wa kilomita 11 hivi kwa sekunde ili kisirudi kamwe. Mwalimu mwanafunzi asiogope kuwa anafundisha kitu cha kitoto. Anafundisha jambo lilelile, kwa kiwango cha mtoto.

MABONDE MAWILI, NA MAWE YA SINGIDA

Somo la pili liongeze kilima. Bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, au ukanda wa bati uliokunjwa kingo, lipindwe liwe na mabonde mawili na kilima kati yake. Gololi ikiachiwa chini ya kimo cha kilima, itacheza ndani ya bonde moja tu. Ikiachiwa juu zaidi, itavuka kwenda na kurudi katika mabonde yote mawili. Lakini kila ikipita inapungukiwa kidogo, hata ifike mara moja ambapo haiwezi tena kuvuka, nayo itanaswa katika bonde moja. Bonde lipi? Watoto wabashiri. Watagundua kwamba si rahisi kujua, na kwamba tofauti ndogo mno mwanzoni huweza kuamua mwisho wake.

Baada ya hapo watoto watoke nje wakatazame mawe. Mji wa Singida na vijiji vyake umejaa miamba ya matale, mingine ikiwa imekaa juu ya mingine kana kwamba itaanguka kesho. Mtoto wa Singida amekulia katika mawe hayo, lakini ni mara chache mwalimu humuuliza: kwa nini halianguki? Jibu la "kwa sababu ni zito" halitoshi, kwa kuwa uzito ndio huohuo ungeliangusha. Jiwe limekaa kwa sababu limo ndani ya kibonde kidogo juu ya kiti chake. Ili liende upande wowote, lazima kwanza linyanyuke kidogo, na hakuna kitu kilicholipa nishati ya kunyanyuka. Upepo wa Singida, ingawa ni maarufu, hautoshi. Lakini mvua na joto vikiula ukingo wa kiti hicho mwaka hadi mwaka, kibonde hupungua kina, na siku moja kitakuwa hakipo. Hapo jiwe litashuka lote, na nishati litakayoitoa haitalingana hata kidogo na ule msukumo mdogo ulioliondoa. Somo hilo lina maana kwa watoto wanaocheza chini ya miamba hiyo.

NISHATI HAIPOTEI, LAKINI GOLOLI INASIMAMA

Hapa ndipo mwalimu anapojaribiwa. Amewaambia watoto kwamba nishati haipotei, nao wanaiona gololi ikipanda chini na chini, mwishowe ikalala kwenye kitako cha karai. Mtoto mwenye akili atauliza: imekwenda wapi? Mwalimu akijibu kwamba kanuni inasema haipotei, na kwamba aandike hivyo katika mtihani, atakuwa ameua kitu kikubwa zaidi ya swali.

Jibu lake limo ndani ya karai. Watoto watandike kitambaa, gololi itasimama upesi zaidi. Watie mchanga, itasimama upesi sana. Wasikilize: gololi inatoa sauti, na sauti hiyo ni nishati inayotoka. Wasugue viganja vyao kwa nguvu mpaka vipate moto. Msuguano wa gololi na bati unafanya vivyo hivyo, ila joto lake ni dogo mno kwa ngozi yetu kulihisi. Nishati imetawanyika katika bati, katika hewa, katika gololi yenyewe. Haikupotea, lakini haikusanyiki tena kwa urahisi. Mstari wetu ubaoni umeshuka taratibu, na mipaka yake imesogeleana, mpaka bonde likaimeza gololi. Mtoto akiwekewa kipimo, kwa mfano kuhesabu gololi huenda na kurudi mara ngapi kabla ya kutulia katika bati tupu, katika kitambaa na katika mchanga, atakuwa amefanya sayansi ya kweli kwa kuhesabu vidole tu.

Kuhusu maswali ya watoto, Tanzania ina mfano wake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aligundua kwamba mchanganyiko wa maziwa uliowekwa kwenye jokofu ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa, akachekwa. Hakuacha. Baadaye alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ambaye alikubali jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 makala yao ilichapishwa katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, na ubishi wenyewe unaitwa kwa jina la Mpemba. Tusipime ni Mpemba wangapi walionyamaza baada ya kuchekwa mara ya kwanza. Tujiulize tu kama darasa letu lina nafasi ya mtoto kusema, "Mwalimu, mimi nimeona tofauti."

ZIWA LISILO NA MTO WA KUTOKEA

Pembeni ya mji wa Singida yako maziwa ya Singidani na Kindai. Watoto wanajua kwamba maji ya Singidani yana chumvi. Wachache wameulizwa sababu. Maji ya mvua huteremka kutoka kwenye miinuko, yakichukua chumvi kidogo kutoka kwenye mawe na udongo, yakajikusanya ziwani. Ziwa halina mto wa kutokea. Ni karai kubwa. Kilichoingia kimenaswa, kwa kuwa kila upande kingepaswa kupanda.

Hata hivyo, wakati wa kiangazi kina cha maji hupungua. Maji yametokaje katika shimo lisilo na mlango? Hapa mwalimu anaweza kuwapandisha wanafunzi hatua moja. Maji ni chembe ndogo mno, molekuli, zinazovutana zenyewe kwa zenyewe. Kila molekuli imo ndani ya shimo lake dogo lililochimbwa na mvuto wa majirani zake. Nyingi hazina nishati ya kutoka. Lakini nishati haikugawanywa sawa baina yao. Ziko chache zilizo na kasi kubwa, na hizo, zikiwa juu ya uso wa maji, huruka ukingo na kuwa mvuke. Jua huongeza nishati, na upepo huchukua zile zilizotoka zisirudi. Chembe za chumvi zimeshikwa kwa nguvu zaidi ndani ya maji, na joto la jua halitoshi hata kidogo kuzitoa. Basi maji huondoka, chumvi hubaki, na mwaka kwa mwaka huongezeka.

Jambo hilohilo limo ndani ya mtungi wa nyumbani. Maji hupenya kidogo kwenye udongo wa mtungi, molekuli zenye kasi zaidi hutoroka, na zinazobaki, kwa wastani, zina nishati ndogo zaidi. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi. Bibi aliyeweka mtungi penye kivuli na upepo alikuwa akiitumia kanuni hii kabla ya mwalimu yeyote kuiandika ubaoni. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi mwaka 1967, ilitutaka tusitenganishe shule na maisha ya wananchi. Wengi waliitafsiri kuwa ni jembe na shamba la shule tu. Mtungi na ziwa navyo ni sehemu ya maisha hayo.

MTEREMKO HAUSAMEHE

Iko sababu nyingine ya kufundisha jambo hili vyema, nayo ni usalama wa watoto wenyewe. Mkoa huu umekatwa na kingo za Bonde la Ufa. Barabara ya kutoka Singida kwenda Igunga na Nzega hushuka mteremko wa Sekenke, na Reli ya Kati hupanda ukuta wa bonde kati ya Bahi na Saranda. Watoto wetu hupanda baiskeli zenye madumu ya maji, na baadhi yao watakuwa madereva.

Hesabu yake ni nyepesi. Tukiuacha msuguano kando, kasi itokanayo na kushuka ni kipeuo cha pili cha kimo kilichozidishwa mara 20, kimo kikiwa kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde. Kushuka mita 5 kunatoa mita 10 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 36 kwa saa. Kushuka mita 20 kunatoa kilomita 72 kwa saa, na mita 45 kunatoa kilomita 108. Kwa kweli msuguano na hewa hupunguza hesabu hizo, lakini hazipunguzi onyo lake. Tena uzito haumo katika hesabu ya kasi. Baiskeli tupu na baiskeli iliyobeba madumu mawili ya lita 20 zingepata kasi ileile. Lakini uzito umo katika hesabu ya nishati. Iliyobeba mzigo ina nishati nyingi zaidi, na breki hulazimika kuigeuza yote kuwa joto. Ndiyo sababu dereva mzuri wa lori hushuka Sekenke kwa gia nzito, asiitegemee breki peke yake, maana breki iliyopata moto kupita kiasi hulegea.

Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu katika Mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilishindwa kuendelea, ikarudi nyuma kwenye mteremko, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Treni iliyosimama katikati ya mlima imefika kwenye nukta yake ya kugeukia, kama gololi ubavuni mwa karai. Kinachoizuia kurudi bondeni ni breki tu. Hatusemi kwamba somo la darasa la tano lingeizuia ajali ile. Tunasema kwamba nchi yenye milima na reli inahitaji raia, makanika na madereva wanaojua kwa hesabu, si kwa hofu tu, kwamba kimo ni nishati iliyowekwa, na kwamba itadaiwa.

HOJA ZA KUPINGA

Wako watakaosema kwamba mada hii ni ya sekondari. Nawajibu kwamba fomula na uthibitisho ni vya sekondari, lakini kuona na kutabiri si vya sekondari. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza, mahali ambapo lugha ya kufundishia inabadilika kuwa Kiingereza, atakutana na maneno mapya kwa mamia. Akiwa na picha ya gololi kichwani, maneno hayo yatapata mahali pa kukaa. Asipokuwa nayo, atakariri tena, safari hii kwa lugha ngeni.

Wengine watasema kwamba darasa lina watoto sabini au themanini na karai ni moja. Ni kweli, na haifai kuwadharau wanaosema hivyo. Lakini somo hili laweza kugawanywa: vikundi vinne vya karai, uzi, bomba na mchanga vikipokezana kwa vipindi viwili, huku wengine wakichora na kuandika ubashiri wao. Bakuli moja kutoka kila nyumba ya tano linatosha.

Hoja ya tatu ni mtihani. Mwalimu hupimwa kwa matokeo ya mwisho wa darasa la saba, na mtihani hauulizi juu ya karai. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Jibu langu ni kwamba mtoto aliyetabiri, akaona na kuchora, hatashindwa kujibu swali la nishati tuli na nishati mwendo, lakini aliyekariri hushindwa swali likigeuzwa kidogo tu.

HITIMISHO

Ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, uwe umetoka Kinampanda au chuo kingine chochote, utapewa mada hii na muda mfupi. Nakuomba mambo matatu. Kwanza, fasili iandikwe mwisho wa kipindi, si mwanzo, na ikiwezekana iandikwe kwa maneno ya watoto wenyewe kabla ya yale ya kitabu. Pili, asiachiwe gololi mtoto yeyote kabla hajasema na kutia alama ni wapi itafika. Ubashiri usio na alama husahauliwa, na kosa lisiloonekana halifundishi. Tatu, usiondoke katika mada kabla hujawatoa watoto nje wakalitafute shimo na ukingo wake katika mawe, ziwa, mtungi au mteremko wa kijiji chao.

Karai likirudishwa kwa fundi, lifutwe chaki vizuri.